Kisu cha Nyumba Kinakwisha kwa Kunolewa

Mdogo wangu Elifuraha,

Barua hii naiacha wazi kwa sababu sina pa kuituma. Namba yako ya zamani siku hizi inapokelewa na mama mmoja wa Mbeya, na nimempigia mara nyingi hadi tumekuwa kama majirani. Mara ya mwisho alinijibu kwa upole kwamba huyo ndugu yangu hamjui, hajawahi kumjua, ila ananiombea. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaenda kuwakatia ng'ombe majani. Sasa nimeona niandike tu. Binti wa shangazi, yule aliyeolewa Shirimatunda, ameahidi kuzipiga picha karatasi hizi na kuzisambaza kwenye makundi ya simu ya madereva, ya wapagazi wa mlimani na ya Watanzania walioko Sauzi. Ukiiona utajua ni yako. Usipoiona, basi watu wengine watakuwa wamesoma mambo ya nyumba yetu, na kijijini kwetu unajua hilo si jambo geni.

Nitaanza na kisu, kwa baba nitafika baadaye. Nakujua. Tangu utotoni, watu wakianza kulia wewe unakumbuka kwamba mbuzi hawajanyweshwa maji.

Unakikumbuka kisu cha nyumba kilivyokuwa. Baba alikifua kutoka kwenye springi ya lile lori la kahawa lililotumbukia mtoni kabla hatujazaliwa, na kila mgeni aliyeingia kwetu alisimuliwa habari za lori hilo hata kama amekuja kuazima jembe. Bapa lake lilikuwa na upana wa vidole vitatu, mgongo mnene, na mkia wa chuma ulipita ndani ya mpini wa mzeituni pori mpaka mwisho wake. Wapagazi na waongoza wageni walipokuja kuagiza visu vya kupanda navyo mlimani, wengine walitaka vya kukunja, viingie mfukoni. Baba aliwaambia cha kukunja ni cha kumenyea machungwa. "Kisu cha kazi hakina kiwiko," alisema, na wakicheka aliwapa hiki cha nyumba wapasulie kuni, wakigonge mgongoni kwa gogo, ndipo waendelee kucheka kama wanaweza.

Lakini kazi yake hasa haikuwa kuni. Kazi yake ilikuwa Krismasi. Kwetu mbuzi wa Krismasi hukatwa kwanza na kitinda mimba wa kiume, kwa kuwa ndiye anayebaki kwenye kihamba, katikati ya migomba na makaburi ya wazee, na anayebaki ndiye anayegawa. Wengine wote wanapanda na magari yao kutoka Dar na Arusha, wanakula, wanapiga picha na mlima nyuma yao, wanaondoka na mikungu ya ndizi. Ulikuwa unakata wewe kwanza, halafu visu vya wengine vinafuata. Kila mtu alikuwa na fungu lake, na mkono wa kushoto wa mbuzi ulikuwa wako. Aliyekosekana, fungu lake lilitundikwa juu ya jiko mpaka apatikane wa kumpelekea. Baba mdogo, ambaye anapenda nyama kuliko anavyowapenda watu, alisema kila mwaka kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Na kila mwaka baba alimjibu kwamba hiyo ni methali ya walafi.

Mimi kwenye banda la uhunzi sikuruhusiwa. Babu alikataza mwanamke kusogelea fuawe, na baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na haogopi mizimu, aliogopa katazo la babu. Kwa hiyo uhunzi wenu niliujua kwa kuchungulia. Nilikuwa nasimama nyuma ya banda na mzigo wa majani kichwani, jicho moja kwenye ufa wa mbao, na kama mama angenikuta pale ningesema nimepumzika. Yote ninayoyajua kuhusu chuma nimeyajua kwa jicho moja.

Nilikuona siku ulipofua kisu chako cha kwanza. Baba alifunga mlango mchana kweupe, maana jua linadanganya rangi ya moto, na gizani chuma husema ukweli. Ulikuwa unavuta mvukuto huku umetoa ulimi kidogo, kama ulivyofanya ulipojifunza kuandika. Chuma kilipoanza kufanana na papai lililoiva, baba alikusogezea ile sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akakwambia gusa. Ikashika. Ukarudisha motoni. Gusa tena. Safari hii sumaku haikushika kitu, ikakitazama chuma kama haikijui, na baba akasema sasa subiri kidogo tu, halafu zamisha. Ukazamisha kwenye lile debe la oili chafu, moshi ukapanda, ukakohoa mpaka machozi, lakini mkono hukuutoa.

Ulipokitoa ulitaka kukimbia nje kukionyesha. Baba alikushika shati. Alikupa tupa ukwaruze, na tupa ikateleza juu ya chuma bila kuuma, ukacheka kwa furaha. Hapo ndipo alipokwambia maneno ambayo nimeyabeba pamoja na majani yangu miaka yote hii: "Sasa hivi ni kigumu lakini kina kiburi. Kikianguka kitavunjika kama chupa. Moto wa pili, ule mdogo, ndio unaokipa akili." Mkakipasha upya polepole mkikitazama, mpaka kikapata rangi ya jani kavu la mgomba, si zaidi, mkakitoa. Mimi shingo ilikuwa inaniuma, na ng'ombe walikuwa wanalia kwa njaa, na sikuondoka.

Kisha mkatoka nje mkakijaribu kwenye jani la mgomba linaloning'inia, bila kulishika. Ukalikata, na nusu iliyobaki haikutikisika. Baba aliingia ndani akamwambia mama amuongezee mtoto mtori.

Nakumbuka pia siku uliyoshuka mlimani na kile kisu cha mgeni. Ulikuwa umembebea mizigo yake mpaka juu na kumrudisha mzima, akakupa kisu chake kama shukrani. Kilikuwa kinang'aa kama sahani ya harusi. Ulimwambia baba kwamba hicho hakishiki kutu, hata ukikiloweka, na hakitaki kupakwa mafuta kila jioni kama hiki chetu kinachodeka. Baba akakigeuzageuza, akakinusa, akasema tujaribu. Mkakaa barazani mkikata kamba za katani, wewe na cha mgeni, yeye na cha springi, na wajomba wakasogeza vigoda kama wanatazama mpira. Cha baba kilichoka kwanza. Watu wakamwangalia mzee atasema nini. Alivyo, au alivyokuwa, alisema ukweli. Alisema hicho cha mgeni ni chuma kizuri, aliyekitengeneza anajua kazi. Halafu akaomba vyote viwili vinolewe upya kwenye kinoo chetu cha mtoni. Chake kilirudi makali kabla maji ya kinoo hayajakauka. Wewe ulisugua cha mgeni mpaka jua likahama baraza, ukaacha.

"Hakichoki mapema," alisema baba, "lakini kikichoka hakitaki kurudi."

Mlicheka wote wawili. Mimi nilikuwa napukuchua maharage pembeni, na nilicheka pia. Siku hizi nikiyakumbuka maneno hayo siwezi kucheka, maana yanakufaa mno, na baba hakukusudia hivyo.

Nadhani siku ile ndiyo uliyoanza kuondoka. Ulianza kuuliza chuma kama kile kinayeyushwa wapi, nani anafundisha, kama Sauzi wana viwanda vyake. Mama alipofariki ukaacha maswali, nikadhani yamekutoka. Kumbe ulikuwa unapanga begi. Siku ya kuondoka ulimwambia baba unakwenda kuona tu, utajifunza na utarudi, Krismasi utakata wewe. Alikupa kisu cha nyumba uende nacho. Ukakataa, ukasema kisu cha nyumba hakisafiri, kinakaa nyumbani kumngoja mwenye kugawa. Baba alilipenda sana jibu lile. Alilirudia kwa majirani wote mpaka wakalijua. Ningekuwa mimi ningekulazimisha ukichukue, na lori lenyewe juu yake, kama ningejua hutarudi.

Krismasi ya kwanza ulipiga simu ukasema makaratasi yako hayajakaa sawa. Ya pili ulituma ujumbe. Baadaye ikawa huyo mama wa Mbeya. Kila mwaka baba aliketi barazani na kisu mapajani tangu watu wanapotoka kanisani, na mbuzi kafungwa pale kwenye mparachichi, na wageni wa Dar wanaangalia saa zao. Hakuruhusu mtu kuanza. Baba mdogo akisogea kumwambia kuna visu vingine, alimjibu, "Mwenye kisu yuko njiani." Jua lilipofika nyuma ya migomba ndipo alipoinuka, akaingia ndani na kisu chake, akawaacha wakate kwa walivyonavyo. Na mkono wako wa kushoto nikautundika mimi juu ya jiko. Ulikaa pale mpaka ukaharibika, nikampa mbwa wakati baba yuko shambani. Mwaka uliofuata nikautundika tena. Watu wengine wana picha ukutani.

Sasa nifike kwa baba, na wewe usiende kunywesha mbuzi.

Alianza na majina ya ng'ombe. Akawa anamwita yule mweusi kwa jina la ng'ombe aliyekufa. Halafu akapotea njia ya kanisani, njia ambayo miguu yake imeichonga yenyewe, wakamrudisha wanakwaya. Daktari mjini alisema ni uzee wa kichwani, na kwamba utakwenda mbele tu, hautarudi nyuma. Alisema vizuri, kwa heshima, akampa shikamoo alipoingia na alipotoka. Dawa alizotupa zinamfanya alale. Hakuna zaidi ya hapo, na mimi sikutarajia zaidi.

Mwaka mmoja, baada ya Pasaka, nilitoka kuchota maji kwenye mfereji nikasikia harufu ya chuma jikoni. Unaijua harufu ile. Niliingia nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, anachochea kuni taratibu, na kisu cha nyumba kimelala katikati ya makaa. Nilikivuta kwa mkono mtupu, nikaungua, nikakitupa sakafuni. Bapa lote lilikuwa limepita ile rangi ya jani kavu, limepita zambarau, limekuwa la buluu mpaka kijivu. Nilimuuliza baba kwa nini. Baba yetu, Elifuraha, ambaye alimpiga binamu yetu kofi kwa sababu alichokonoa mahindi kwenye makaa kwa ncha ya kisu. Aliniangalia kwa upole sana.

"Kilikuwa kinasikia baridi," alisema.

Kiganja changu kimepona. Kisu hakikupona. Kwa macho kimebaki kilekile, ukikisafisha kinang'aa, lakini chuma kimekuwa laini kama cha sufuria. Ile akili aliyokipa baba imetoka. Ukikinoa kinashika makali, ukikata vitunguu viwili yanalala. Wewe ungekifufua kwa alasiri moja, banda limefungwa, sumaku mkononi. Ndiyo sababu nilikutafuta mwaka ule kuliko miaka yote. Sikukutafuta kwa ajili ya kisu peke yake, usinielewe hivyo, lakini kisu nilikuwa naweza kukisema kwa watu bila kulia.

Nilikishusha Njoro kwa fundi mmoja wa mageti, mtu mwema, mwenye mashine ya kuchomelea na grinda. Alikishika, akakipiga ukucha, akanirudishia. Akasema grinda yake itakiunguza zaidi, na moto wa gesi wake ni wa kuunganisha vyuma, hajui kuvirudishia roho. "Tafuta aliyefundishwa na mwenyewe," aliniambia. Nikamwambia ndiye ninayemtafuta. Siku nyingine nikasikia kuna dereva wa lori la mpunga kule Chekereni aliyekuona Tunduma, unafua mapanga pembeni ya barabara. Nilishuka mpaka huko kwenye joto lao, nikamkuta kwenye majaruba, akanieleza kwa kirefu: mrefu, mweusi, ana kovu shingoni. Huna kovu shingoni. Au hukuwa nalo. Nilirudi nyumbani nikijibishana na kovu hilo njia nzima, mara ni lako, mara si lako, na hadi leo sijaamua.

Mara moja nilitaka kukifanyia kazi mwenyewe. Nilifungua banda, nikafukuza popo, nikawasha mkaa, nikatafuta ile sumaku nikaiona imening'inia pale ulipoiacha. Yote niliyajua: papai, sumaku, oili, jani kavu. Nikafunga mlango. Baada ya muda ukafunguka, akaingia baba. Nilisimama kama mwizi, nikangoja anifukuze. Nilitaka anifukuze. Alinikuta mwanamke nimeshika koleo mbele ya fuawe la babu, na alichofanya ni kusema hodi, akaomba kigoda, akakaa kunitazama kama mteja. Nikauzima moto kwa maji. Nilijua hata nikiharibu hakuna tena wa kunikaripia, na bila wa kunikaripia mkono wangu ulikataa.

Kwa hiyo kinachofanyika ni kunoa. Kila asubuhi akishakunywa chai anatoka barazani na kinoo na kopo la maji, ananoa. Kichwa kimesahau karibu kila kitu, lakini mikono haijasahau pembe ya kulaza bapa, hata kidogo. Ukimtazama kwa mbali utasema ni mzee mzima mwenye kazi zake. Anajaribu kwenye ukucha, anaridhika, anakiweka. Mchana anakishika tena, kimelala. Hajui ni moto ule. Anadhani ni yeye, anadhani mikono ndiyo imeanza kuzeeka, basi ananoa upya kwa nguvu zaidi, anajisemea kwa Kichagga maneno ya kujionea aibu. Mjomba mmoja alisema heri akitumie basi, anoe kwa sababu. Lakini hakitumii. Kisu hicho hakikati kitu. Kinakwisha kwa kunolewa. Kile kilichokuwa vidole vitatu sasa ni kidole kimoja chembamba, ncha imekuwa kama ya sindano ya kushonea magunia, na tope jeusi la chuma limetia doa kwenye saruji ya baraza, doa ambalo halitoki kwa sabuni.

Niliwahi kukificha kinoo. Nilidhani nakiokoa kisu. Alikitafuta kutwa nzima, akafunua vifuniko vya sufuria, akaenda mpaka kwenye kaburi la mama kuuliza. Jioni alikaa akalia bila sauti. Nikakitoa kwenye debe la pumba, nikakiosha, nikamwekea miguuni. Acha kiishe.

Hayo yote, mdogo wangu, niliyaweza. Usidhani nakulaumu kwa mistari hii. Kukulaumu nilimaliza zamani, ilikuwa kazi ya peke yake na ilinichosha. Niliyaweza kwa sababu kila nilipomuuliza ananoa kwa ajili gani, alinijibu bila kufikiri: Krismasi, mtoto anakuja. Alisahau jina langu, akaniita kwa jina la dada yake. Alisahau kwamba mama amekufa, nikamwambia, akaomboleza upya, nikajifunza kutomwambia. Wewe hakukusahau. Nilikuonea wivu, nakiri, mimi ninayemkata kucha. Lakini usiku nilikuwa nalala, kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na mtu mmoja mwenye uhakika kwamba utakuja.

Krismasi hii iliyopita walikuja wengi. Kulikuwa na jua, mlima ulikuwa wazi, watoto wa Dar wanalalamika hakuna mtandao. Tulitoka kanisani, mbuzi akafungwa penye mparachichi. Baba aliketi barazani na kisu mapajani kama kawaida, na sisi tukakaa kama kawaida, kungoja jua lipite. Halafu akaniita. Aliniita kwa jina langu, Ndeshi, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu masika. Nilikimbia na unga mikononi.

Alininyooshea kisu, mpini mbele. "Wanangoja nini?" alisema. "Kata, watu wana njaa."

Niliangalia watu. Hakuna aliyewahi kuona mwanamke akikata mbuzi wa Krismasi kwenye ua ule. Nikamwambia baba kwamba mimi si wa kukata. Akaniuliza, basi ni nani. Nilidhani ananijaribu. Nilikwenda, wanaume wakachinja, nikatia kisu kwenye ngozi pale unapoanzia wewe, na hakikuingia. Kiliteleza, bapa likapinda kama jani. Nikalinyoosha kwa goti, nikajaribu tena, na mwishowe binamu mmoja akaweka kisu chake cha dukani juu ya mkono wangu akanisaidia bila kunitazama. Nyama ikagawanywa. Nikachukua mkono wa kushoto, nikaupeleka jikoni, nikautundika juu ya jiko kwenye ndoano yake.

Baba alikuwa amenifuata. Alisimama mlangoni, baba mdogo nyuma yake na sahani. Akaangalia juu.

"Nyama hii ya nani?"

"Ya Elifuraha, baba."

Alifikiri. Alifikiri kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko yote akitafuta ufunguo, na nilimwona anafika mwisho wa mifuko.

"Elifuraha ni nani?"

Nilimgeukia baba mdogo. Miaka yote hiyo ndiye aliyesema asiyekuwepo na lake halipo, na safari hii, kama angesema, ningemshukuru, maana baba angekuwa na la kumjibu. Hakusema. Aliweka sahani yake chini akatoka nje. Nikamwambia baba kwamba Elifuraha ni kijana wetu, yuko safarini. Akatikisa kichwa polepole, akanisikitikia, kama vile mimi ndiye niliyepotewa na akili.

"Sina kijana," alisema. "Nina wewe."

Akaushusha mkono ule kwenye ndoano, akanipa niuchome, ulipoiva akauweka mezani, akakaa, akanionyesha kiti nikae. Akachukua kisu cha nyumba, akakata kwa shida, akikisugua kwenye ukingo wa bakuli kila baada ya kipande. Alinipa mimi kwanza. Nje walikuwa wanaimba. Tuliula wote, Elifuraha, yeye na mimi, mpaka kwenye mfupa, na mfupa akampa mbwa kwa mkono wake mwenyewe.

Siku hizi hanoi. Asubuhi anakaa barazani na mikono mitupu, anaangalia barabara kama mtu anayeangalia mvua. Kisu nimekipaka mafuta nikakifunga kwenye kitambaa cha mama. Ungekuja leo sidhani kama kimebaki chuma cha kutosha kutiwa moto. Mwanzo tulikuwa wawili tunaokusubiri, na mmoja wetu alikuwa na uhakika. Nimebaki mimi, na mimi sikuwa nao kamwe.

Kwetu mtu hatoki peke yake, anasindikizwa mpaka penye mfereji. Wewe nitakusindikiza wapi, na sijui uko njia gani? Nakuachia hapa.

Ni mimi, dada yako, niliyekula fungu lako.